Programu huria kwenye kompyuta ya mtumba: mwongozo wa matumizi ya kila siku

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuitolea Windows 10 viraka vya usalama kwa utaratibu wa kawaida. Waliotaka muda zaidi walitangaziwa mpango wa kujiandikisha na kuongezewa mwaka mmoja. Baada ya hapo jibu la kampuni ni moja tu: hamia Windows 11. Sasa hapo ndo kasheshe inapoanza. Windows 11 inataka RAM isiyopungua GB 4, diski isiyopungua GB 64, kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa za kizazi cha nane kwenda juu, ukiacha chache sana. Maana yake kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2017 zimewekwa pembeni, hata kama zinawaka na kufanya kazi vizuri tu. Kwa lugha ya Kariakoo: mtumba mwingi umetangaziwa kifo.

Wadau kibao wameniuliza: "Kaka, hii laptop ndo basi tena? Niiuze kwa bei ya chuma chakavu?" Jibu langu ni hapana. Nimeona niandike hapa kwa urefu ili kila anayeuliza nimwelekeze hapa hapa. Mimi natumia Linux kila siku kwenye laptop ya mtumba yenye RAM ya GB 4: naandika, nafanya mahesabu, nahariri picha, naprinti. Haya siyaandiki kwa ajili ya wataalamu wa teknohama peke yao. Nawaandikia mwenye steshenari, mwalimu, mwanafunzi, katibu wa kikoba na fundi wa mtaani.

Huria siyo bure

Waingereza wana tatizo la neno. Wanatumia neno moja kwa kitu kisicho na kifungo na kwa kitu kisicholipiwa. Ndiyo maana Mmarekani Richard Stallman, aliyeanzisha harakati hizi, ametumia miaka mingi kueleza kwamba anaongelea uhuru, haongelei bei. Sisi Waswahili Mungu katujalia: tuna *huria* na tuna *bure*. Hatuna sababu ya kuchanganya.

Programu huria ni ile inayokupa haki nne. Moja, kuitumia kwa kazi yoyote unayotaka. Mbili, kuichunguza na kuibadilisha, na kwa hiyo lazima upewe msimbo wake, yaani maandishi yenyewe aliyoyaandika mtengenezaji. Tatu, kumpa mwenzio nakala. Nne, kugawa nakala uliyoibadilisha wewe. Programu ikikunyima hata moja kati ya hizo, siyo huria, hata kama umeipata bila kulipa senti.

Fikiria bodaboda. Ikiharibika, fundi yeyote chini ya mwembe anaifungua, anaangalia, anabadilisha kipuri. Sasa fikiria pikipiki ambayo kiwanda pekee ndicho chenye ufunguo wa injini, na siku kiwanda kikisema "modeli hii tumeiacha", basi unaikokota hadi nyumbani. Hiyo ndiyo tofauti.

"Lakini hata Windows yangu sijailipia"

Hili lazima tuliseme wazi. Wengi wetu hatujawahi kununua Windows. Tunampelekea fundi, anatupigia window, tunamlipa hela ya kazi, tunaondoka. Kwa hiyo ukimwambia mtu kwamba Linux ni ya bure anakuangalia tu: yake nayo kaipata bure.

Jamani, tofauti ipo. Kraki ni programu ya mtu usiyemjua, na ili ifanye kazi unaambiwa kwanza uzime antivirasi, kisha uipe mamlaka yote juu ya mashine. Baada ya hapo huna namna ya kujua kilichobaki ndani. Wengine huzima na masasisho kabisa, wakiogopa kugundulika. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia. Tundu kilichopitia lilikuwa limeshazibwa na Microsoft Machi mwaka huohuo. Waliopigwa ni wale ambao mashine zao hazikuwa zimepata kiraka. Kama duka lako zima linategemea kompyuta mbili zilizozimwa masasisho, ujue umekaa kwenye foleni hiyo hiyo.

Ilikotoka, kwa ufupi

Septemba 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, wenye lengo la kutengeneza mfumo endeshi mzima ulio huria. Mwaka 1989 ikatoka leseni ya GPL, ambayo ujanja wake ni huu: unaruhusiwa kuibadilisha programu na kuisambaza, ila na wewe lazima uwape watu haki zilezile. Huwezi kuichukua halafu ukaifungia kabatini.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, akatangaza kwamba anatengeneza kiini cha mfumo endeshi kwa kujifurahisha. Mwaka 1992 akakiweka chini ya GPL. Kiini hicho ndicho Linux. Kikaungana na zana za GNU, na watu wakaanza kukifunga pamoja na programu nyingine kama kifurushi kimoja. Vifurushi hivyo vinaitwa distro. Debian ilianza 1993. Ubuntu ilitoka Oktoba 2004, ikifadhiliwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, yule yule aliyekwenda anga za juu mwaka 2002. Neno ubuntu huko kusini ni hili hili letu la *utu*. Linux Mint, ambayo nitaipendekeza hapa chini, ilianza 2006 na imejengwa juu ya Ubuntu.

Wa siku nyingi mtakumbuka: mpaka 2011 Ubuntu walikuwa wanakutumia CD kwa posta bila malipo. Unajaza S.L.P. yako, unasubiri wiki kadhaa, unakwenda posta unakuta bahasha. Kwa nchi ambazo intaneti ilikuwa ya kuhesabu dakika, ile CD ilikuwa mkombozi.

Unaitumia tayari

Kuna watu wanasema "hayo ya Linux siyawezi" huku wameshika simu ya Android. Android imejengwa juu ya kiini cha Linux. Vile visimu vya batani vyenye KaiOS, navyo ni Linux ndani. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko zote duniani kwenye orodha ya TOP500 zinaendeshwa na Linux.

Na siyo mambo ya mbali tu. Ukienda kituo cha afya Tanzania au Kenya, takwimu za mwezi zinapelekwa wizarani kupitia DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na iliyoanzia Afrika Kusini. Kenya iliisimika nchi nzima mwaka 2011. OpenMRS, ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, mizizi yake iko Eldoret, kwenye ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Wamarekani wa Indiana, kuanzia 2004. Ushahidi ilitengenezwa na Wakenya Januari 2008, katikati ya vurugu za baada ya uchaguzi, ili wananchi waripoti kwa simu yanayotokea waliko. Baadaye ikatumika Haiti kwenye tetemeko la 2010. Anayetaka kuitumia hahitaji kuomba ruhusa Nairobi, maana msimbo uko wazi.

Kazi za kila siku na programu zake

*Kuandika, majedwali na mahesabu.* LibreOffice. Ina Writer ya barua na ripoti, Calc ya majedwali, Impress ya kuwasilisha mada. Historia yake inafundisha. Ilianza Ujerumani kwa jina la StarOffice, Sun Microsystems wakainunua 1999, wakaufungua msimbo mwaka 2000 kwa jina la OpenOffice.org. Oracle walipoinunua Sun mwaka 2010, watengenezaji wengi walikosa imani na bosi mpya, wakachukua msimbo wakaondoka nao na kuanzisha LibreOffice, Septemba mwaka huohuo. Hakuna aliyeshtakiwa, kwa sababu leseni iliruhusu. Kampuni ilibadilisha mikono na kazi ikaendelea.

LibreOffice inafungua mafaili ya Word na Excel. Shida inayolalamikiwa sana ni mpangilio kuhama: ukurasa uliokuwa mmoja unakuwa mmoja na robo. Mara nyingi mchawi ni fonti. Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft, hazimo kwenye Linux. Sakinisha fonti za Carlito na Caladea, ambazo vipimo vya herufi zake vinalingana na hizo mbili, na tatizo kubwa linaisha. Kwa Arial na Times New Roman, Liberation Sans na Liberation Serif zinafanya kazi hiyo. Na kama waraka umekamilika, unautuma kwa mtu asome tu, tuma PDF. Hata wenye Word kwa Word wanaharibiana mpangilio.

*Intaneti.* Firefox, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2004, au Chromium. Barua pepe, benki, mikutano ya video na WhatsApp ya kwenye kompyuta vyote vinapita kwenye kivinjari. Hapa hutaona tofauti na ulikotoka.

*Video na muziki.* VLC, iliyoanza kama kazi ya wanafunzi wa chuo kimoja Paris mwaka 1996. Inacheza karibu kila kitu utakachoipa. Kukata na kusafisha sauti, Audacity.

*Picha na mabango.* GIMP kwa kuhariri picha, Inkscape kwa nembo, kadi za harusi na mabango. Wenye steshenari, hii Inkscape msiidharau. Scribus ipo kwa vipeperushi na majarida.

*Hesabu za duka.* Kikundi kidogo kinatosheka na Calc. Ukitaka kitabu cha hesabu chenye debiti na krediti, ipo GnuCash.

*Ramani.* OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wenyewe tangu 2004. Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria ulianza 2015, wanafunzi wa vyuo na wananchi wakachora mitaa, mifereji na nyumba za kata zinazokumbwa na mafuriko. Simu yenye Organic Maps inakuonyesha vichochoro hivyo bila bando.

Flashi ya mteja

Hili nalitenga kwa sababu ndilo lililowashawishi watu wengi mtaani kwetu kuliko maneno yangu yote.

Kirusi cha shotikati mnakijua. Unachomeka flashi, mafolda yote yamegeuka kuwa vishale vidogo. Kinachofanyika ni hiki: mafaili halisi yapo pale pale, kirusi kimeyaficha tu na kuweka shotikati mahali pake. Ukibofya shotikati unaamsha kirusi, kinahamia kwenye kompyuta, na flashi inayofuata inaambukizwa. Steshenari moja yenye foleni inaweza kuambukiza chuo kizima wiki ya kukusanya ripoti.

Kuna kijana wa diploma alikuja kwangu jioni na ripoti yake ya fildi, kesho yake saa nne ndo mwisho wa kukusanya. Sehemu alikotoka walimwambia flashi imekufa, waifomati. Nikaichomeka kwenye laptop yangu. Linux haiendeshi zile shotikati, na haijali alama ya kufichwa ambayo Windows inaitii. Pale pale likaonekana folda moja lisilo na jina, ndani yake ripoti nzima, na picha za mahafali ya dada yake. Nikanakili kila kitu pembeni, nikafuta vishale na vijifaili vya kirusi, nikamrudishia. Dakika kumi. Angekubali kufomati angekuwa anaandika upya kurasa arobaini usiku ule.

Tahadhari: hii inasaidia kwa mafaili yaliyofichwa. Yaliyofungwa kwa kirusi cha kudai fidia ni habari nyingine, hapo Linux haina muujiza.

Jinsi ya kujaribu bila kuharibu kitu

Uzuri ni kwamba unaweza kuiendesha Linux kutoka kwenye flashi, bila kugusa diski. Fuata hivi:

1. Nakili mafaili yako yote muhimu kwenye diski ya nje. Hata kama unajaribu tu. Hii hatua usiiruke.

2. Pakua Linux Mint kutoka tovuti yao rasmi. Ni kama GB 3, kwa hiyo tafuta bando la usiku, au mfuate mwenye nakala akupe. Kumbuka kunakili ni haki yako, humwibii mtu. Kwa RAM ya GB 2 hadi 4 chagua toleo la Xfce, ni jepesi. Mint 22, iliyotoka Julai 2024, imeahidiwa masasisho hadi 2029.

3. Hakiki faili kwa kulinganisha namba yake ya SHA256 na ile iliyoandikwa kwenye tovuti. Siyo mbwembwe. Februari 2016 wahalifu waliiingilia tovuti ya Mint na kwa muda mfupi wakaweka nakala yenye mlango wa siri.

4. Chukua flashi tupu ya GB 8 na uiandikie Mint kwa kutumia programu ya Rufus au balenaEtcher. Kila kilichomo kwenye flashi kitafutika.

5. Zima kompyuta, chomeka flashi, washa huku ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo nyingi. Kwa HP bonyeza Esc halafu F9. Chagua flashi.

6. Sasa ukague. Wi-Fi inakamata? Sauti inatoka? Kamera? Printa inaonekana? Shinda nayo siku nzima. Kama Wi-Fi imegoma, unganisha simu kwa waya wa USB na ugawe intaneti ya simu, mara nyingi inakubali papo hapo. Ukishasakinisha, unatumia intaneti hiyo kufungua Driver Manager na kuchukua draiva inayokosekana.

7. Ukiridhika, bofya "Install". Unaweza kuiweka pamoja na Windows, ukiwasha unachagua. Kama unafanya hivyo, kwanza ingia Windows uzime "Fast Startup", na kama diski imefungwa kwa BitLocker hakikisha ufunguo wake wa dharura umeuandika pembeni. Diski isiyopungua GB 20 inahitajika, ila afadhali GB 100.

Kama mashine yako bado ina diski ya kuzunguka, ibadilishe uweke SSD. Pesa hiyo itakupa kasi kuliko kubadilisha distro mara kumi. Kwa kompyuta za zamani kabisa za biti 32, milango inafungwa. Mint 22 haizipokei, na Debian 12 ya mwaka 2023 ndiyo ya mwisho kwenye Debian kuwa na kisakinishi chao.

Itakapokukwamisha

Sitaki mtu aje kunilaumu, kwa hiyo naweka wazi.

Photoshop, Microsoft Office ya kusakinisha na Tally hazina toleo la Linux. Kuna Wine, inayoendesha baadhi ya programu za Windows, lakini usiitegemee kwa kazi inayokulisha mpaka uwe umeijaribu. Kama mhasibu wako anaishi ndani ya Tally, mwachie kompyuta moja ya Windows, na iwe ya halali.

Printa za HP nyingi zinakubali moja kwa moja. Baadhi ya printa ndogo za leza za kampuni nyingine zinataka draiva ya kutafuta kwenye tovuti ya mtengenezaji, na chache zinagoma kabisa. Kabla ya kununua printa, uliza kwanza kama ina draiva ya Linux. Mwenye steshenari, hili lipime siku ya kwanza, usisubiri foleni ya wateja.

Michezo mingi ya mtandaoni yenye ulinzi dhidi ya udanganyifu haifunguki. Na mambo ya bando: masasisho yanakula data. Kwenye Mint unachagua mwenyewe usasishe lini. Programu za mtindo wa Flatpak ni nzito kupakua, kama kuna toleo la kawaida chukua hilo.

Ofisi kubwa je?

Jeshi la polisi la Gendarmerie la Ufaransa linatumia Ubuntu iliyorekebishwa tangu 2008. Jiji la Munich, Ujerumani, liliamua kuhama mwaka 2003, na kufikia 2013 lilikuwa na kompyuta kama 15,000 za Linux. Halafu 2017 baraza la jiji likapiga kura kurudi Windows. Lakini jimbo jingine la Ujerumani hiyo hiyo, Schleswig-Holstein, lilitangaza 2024 kwamba linahamishia kompyuta kama 30,000 kwenye LibreOffice.

Ninachokisoma hapo ni kwamba programu ikishafanya kazi, linalobaki ni la watu. Wafanyakazi wanafundishwa? Fundi yupo? Bosi mpya akija ataendeleza? Taasisi yoyote ya huku kwetu inayotaka kuhama, ianze na LibreOffice na Firefox juu ya Windows hiyo hiyo waliyonayo. Watu wakizoea programu, kubadilisha mfumo chini yake hakutawashtua.

Usalama: msimbo wazi unasaidia kweli?

Unasaidia, lakini siyo hirizi. Machi 2024 iligundulika kwamba mtu aliyejifanya mchangiaji mwema kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa ameingiza mlango wa siri kwenye XZ, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika kila mahali kwenye Linux. Aliyemgundua ni Andres Freund, mhandisi anayefanya kazi Microsoft. Aliona kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kama nusu sekunde, akaanza kuchimba. Kwa sababu msimbo ulikuwa wazi aliweza kufika mwisho wa uzi.

Somo lina pande mbili. Msimbo wazi ndio uliomwezesha mtu wa nje kuukamata uovu. Lakini XZ ilikuwa inabebwa na mtu mmoja aliyechoka, na adui alipitia uchovu ule. Programu huria ikikosa watu wa kuitunza inakuwa kama kisima cha kijiji: wote wanachota, hakuna anayefagia.

Kiswahili nacho

Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya Sweden ya IT+46, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Hawakusubiri kampuni ya ng'ambo iamue kama sisi ni soko. Walichukua msimbo, wakatafsiri, wakatoa. Mpaka leo LibreOffice ina kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili, na inaweza kuonyesha menyu zake kwa lugha yetu, ingawa tafsiri haijakamilika. Walimu wa Kiswahili mliopo, hapo pana kazi ya kudumu, na hamuhitaji kujua kuandika programu hata kidogo.

Basi kwa kumalizia

Swali la "Linux au Windows" mimi sioni kama ni la ushabiki wa Simba na Yanga. Ni swali la nani anapanga tarehe ya kufa ya mashine yako. Kompyuta uliyoinunua kwa jasho lako iishe pale bodi inapoungua, siyo pale mtu wa mbali anapogeuza kalenda. Na mafaili yako yafunguke miaka ishirini ijayo, hata kama kampuni imeuzwa au imebadilisha bei. Ndiyo maana nyaraka za kutunza mimi nazihifadhi kwa mtindo wa ODF, ambao tangu 2006 ni kiwango cha kimataifa cha ISO, uko wazi kwa yeyote kuusoma.

Kwa mafundi nina ombi moja. Mteja akija na laptop ya kizazi cha sita anataka umpigie window, muulize kwanza anaitumia kwa nini. Kama ni kuandika, kuprinti na intaneti, muwekee Mint, mwonyeshe kwa nusu saa, mchaji hela ya kazi yako vile vile. Kuwa huria hakumaanishi fundi afanye bure. Atakurudia kwa ajili ya RAM na SSD, na utakuwa umemjengea kitu halali ambacho huogopi kukiwekea jina lako.

Wenye printa zilizogoma, andikeni modeli kamili hapo chini kwenye maoni. Waliofanikiwa nao waseme wamefanyaje, tutengeneze orodha yetu wenyewe. Nawasilisha.